Sinyora

Daktari wa mifugo aliandika dawa tatu,
akachana karatasi, akanitazama juu ya miwani:
"Mama Katana, moyo wake umevimba kama andazi.
Miezi miwili. Mitatu, akijaliwa.
Usimzoee sana."

Nimeshachelewa, daktari.
Nilimzoea miaka kumi na mmoja iliyopita
nikipiga pasi mashuka ya wenye nyumba kule Kasuarina,
yeye amelala penye kivuli cha tangi la maji,
sikio moja kwangu, sikio moja kwa lango.
Siku hizo alikuwa na godoro, na sahani yenye jina.
Kisha nyumba ikauzwa.
Wenyewe walibeba picha, mapazia, hata vitasa vya milango;
mbwa akabaki kwenye orodha ya vitu vya kuachwa,
baina ya friji bovu na viti vya plastiki.

Nilimkuta jaani Muyeye, mbavu nje,
macho yameingia ukungu,
kupe wamejipanga shingoni kama shanga.
Sikumwita jina. Nilisema tu lile neno la Kitaliano
ambalo bibi yule alikuwa akimwambia jioni,
"Vyeni,"
nami sijui hata leo kama maana yake ni njoo
au ni mwanangu.
Akaja.

Mtaa wa Maweni ulicheka. Katana akapiga simu kutoka Mtwapa:
"Mama, mimi natuma hela ya unga,
wewe unalisha mbwa wa jaani?"
Nikamwambia, tuma ya unga.
Dagaa nitatafuta mwenyewe.

Vidonge nilivificha ndani ya hamri.
Alikula hamri, kidonge akakitema
kwa adabu, pembeni mwa sahani,
kama mgeni anavyoweka mwiba wa samaki.
Basi nikakisaga, nikakitia mchuzini.
Alijua. Alikula kwa kunihurumia.

Miguu ya nyuma ilipokataa
nilitoa leso niliyobebea wanangu wanne,
nikaipitisha chini ya tumbo lake,
nikamwinua kiuno, tukatoka uani,
yeye mbele, mimi nyuma,
vizee viwili na miguu minne inayofanya kazi.
Jina la leso limefutika kwa kufuliwa,
limebaki neno moja, TARATIBU,
nasi tukatii.
Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huyu alikuwa usufi kweli;
nilihesabu mifupa yake kupitia kitambaa.

Jirani yangu Bi Mwanaesha ana udhu wa kulinda.
Siku ya kwanza alisema wazi, ukuta kati yetu:
"Asivuke hapa. Pua yake ikigusa ndoo yangu
ni kuosha mara saba, na moja ya udongo,
na maji ya mfereji wayajua yanavyotoka."
Sikubishana. Ana haki yake.
Lakini Ramadhani ilipoingia,
kila baada ya futari nilikuta juu ya ukuta
ukoko wa wali na vichwa vya changu
kwenye jani la mgomba,
na sauti upande wa pili ikinung'unika:
"Sikumpa mtu. Nimetupa tu."

Usiku alikohoa. Kikohozi kikavu, cha mlinzi
anayetaka mwizi ajue yuko macho.
Nilishuka kitandani nikakaa naye sakafuni,
kichwa chake juu ya mguu wangu mbovu,
tukasikiliza jenereta ya hoteli ikizimwa.
Sote wawili tulitunza vitu vya watu.
Hakuna aliyetuuliza tulichoka lini.

Miezi mitano, daktari. Ulikosea, ahsante.

Jana hakukohoa.

Nilikusudia kuibakiza leso.
Nikashindwa kumvua.

Bi Mwanaesha alileta jembe kabla sijaomba,
akaliegemeza ukutani, mpini upande wangu.
Nilichimba nyuma ya mpapai, udongo mgumu, mawe matupu,
naye akasimama kwake, mtandio mdomoni,
hadi nilipomaliza kusawazisha.

"Jembe utalirudisha kesho," akasema.
"Si leo."